Buluu ya Nyumba Mbili

Jumatatu, 1 Septemba 2014

Leo asubuhi, kabla ya saa mbili, nimepoteza rangi yangu.

Sikuibiwa kopo. Makopo yote yapo bandani, nimeyakagua. Kilichopotea ni buluu yenyewe. Nimeikuta mwisho wa mtaa, jirani na banda la kufulia, imepakwa kwenye mbawa za mbao za dirisha la chini la yule mama aliyehamia kutoka mji wa Lille, Bi Agathe Morvillier, ambaye hajatimiza hata mwaka hapa Peyrolane. Nilikuwa natoka kununua mkate. Nikasimama katikati ya njia mpaka gari la maziwa likanipigia honi.

Mpita njia akitazama madirisha yetu huona buluu tu. Sisi huona majina ya watu. Kila ukoo hapa una buluu yake: ya kina Bonnafous imekaa kama ganda la zabibu ambalo halijafutwa vumbi, ya kina Delmas ina ukijani ndani yake. Mimi sikuzaliwa katika ukoo wenye rangi. Nilikuja hapa msichana, nina brashi mbili na ngazi ya kuazima, na leo jina langu, Maryse Rouquairol, limeandikwa ubavuni mwa gari langu mwenyewe. Buluu yangu haikurithiwa. Niliichanganya. Kwa lita moja ya mafuta ya kitani, gramu mia mbili na kumi za unga wa buluu, gramu kumi na nane za nyeusi ya makaa, na udongo wa manjano kiasi cha ncha ya kidole, ambao sijamwambia mtu yeyote.

Nyumba mbili tu zilikuwa na rangi hiyo: yangu na ile inayotazamana nayo, ya Fernand Calvignac, aliyekuwa mwoka mikate wetu mpaka alipostaafu. Mkewe alipotimiza miaka miwili kaburini, nilipanda ngazi nikampakia Fernand madirisha yake. Nyumba za rangi moja hula meza moja, ndivyo watu wa hapa wanavyosema. Wanasema pia kwamba mwanamume anayemtaka mwanamke humchanganyia rangi kwa mkono wake mwenyewe, akampakia madirisha kabla ya karamu ya mwisho wa mavuno ya zabibu. Mimi nilifanya nusu yangu kabla ya yeye kufanya yake, kinyume na utaratibu, kwa sababu nimezoea kuanza kazi bila kungoja mtu. Hiyo ni miaka tisa sasa. Jumapili tunakula pamoja. Nusu yake bado.

Na leo nimeiona kwenye dirisha la mwingine.

Jumanne, 2 Septemba

Duka la mikate sasa ni la Zélie, mpwa wake Fernand.

"Bi Maryse, mbona leo mkate mmoja? Jumanne huwa miwili, wako na wa mjomba."

"Leo njaa yangu ni ya mtu mmoja."

"Aa. Basi umeona."

"Nimeona nini?"

"Usinifanye mtoto, Bi Maryse. Jumamosi mjomba alikuwa juu ya ngazi, Bi Agathe kaishika kwa chini. Mjomba! Mtu ambaye akipanda kiti kubadilisha taa humtaja Bikira Maria mara tatu."

Waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Nilicheka nao, nikachukua mkate wangu. Haukuwa umeiva vizuri.

Alhamisi, 4 Septemba

Upepo wa kusini, joto. Nimepita kule tena, nilikuwa na sababu. Nyeusi imepungua, kwa macho yangu gramu tatu au nne. Tena haing'ai, imekauka kama chaki. Lakini ni yangu. Mtoto akikatwa nywele, mama yake bado atamjua.

Jumapili, 7 Septemba

Nimekwenda kula kwa Fernand kama kawaida, ili nione. Alipika bata na maharage. Alipokata mkate nikaona buluu kwenye kucha zake.

"Kucha zako zina nini?"

"Plamu."

"Plamu za mwaka huu zimeota zikiwa zimepakwa rangi?"

"Kula, Maryse. Bata anapoa."

Nikala. Basi akaanza yeye mwenyewe, na uso umemchangamka kuliko nilivyouona tangu Pasaka. Bi Agathe amemwonyesha chuma cha kufutia matope ya viatu mlangoni pa ile nyumba iliyokuwa ya daktari. Kina umbo la kinubi, nyuzi zake nne. Miaka yote amepeleka mikate pale hajawahi kukitazama. Bi Agathe alikuwa mpima macho huko Lille, ndiyo maana anaona. Bi Agathe amemwonyesha tundu la paka lililochongwa chini ya mlango wa kina Delmas kwa umbo la moyo. Bi Agathe anasema jiwe la kisima lina mifereji ya kamba kama makunyanzi ya shingo.

"Kile chuma cha daktari," nikamwambia, "nilikichomoa mimi, nikakikwangua kutu wiki nzima, nikakirudisha."

"Kumbe! Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Akaongeza maharage kwenye sahani yangu. Nilitaka aseme habari ya dirisha. Hakusema. Nikamwambia, "Nimeona rangi mpya karibu na banda la kufulia."

Masikio yakamwiva. "Rangi ni rangi tu, Maryse," akasema, akainuka kuleta jibini.

Rangi ni rangi tu! Hayo anamwambia nani?

Jumatano, 10 Septemba

Kazi kwenye lango la makaburi. Sikutazama ng'ambo ya mtaa wetu asubuhi, wala jioni.

Jumapili, 14 Septemba

Leo sikwenda kula. Nilitoka kanisani nikavaa nguo za kazi, nikaweka ngazi, nikapaka mbawa zangu zote za mbele nyekundu ya damu ya ng'ombe. Hapa kwetu anayebadili rangi mbele ya macho ya jirani yake amemjibu hapana. Sitasema sikujua. Nilijua kama ninavyojua jina langu.

Fernand alitoka na kikapu cha chakula, nadhani alikuwa ananiletea kwa kuwa sikuja. Akasimama chini ya ngazi. Nilikuwa nimefika dirisha la tatu.

"Damu ya ng'ombe," akasema.

"Inadumu," nikasema. "Haipauki."

Alitazama dirisha la kwanza, la pili, akarudi la kwanza. Nilingoja aniulize kwa nini. Kama angeniuliza ningeshuka.

"Basi," akasema.

Akaingia kwake. Nikamsikia anafunga mbawa za dirisha lake linalotazamana na langu, kwanza wa kushoto, halafu wa kulia, na komeo likaanguka.

Jumanne, 16 Septemba

Bado zimefungwa mchana kutwa. Zélie anasema watu wawili wameulizia kama mjomba amefariki.

Jumatano, 17 Septemba

Hajafariki. Nimemwona bustanini kwa Bi Agathe, mikono ya shati kaikunja, anakoroga kitu kwenye sufuria kubwa. Anamkorogea na uji sasa.

Jumapili, 21 Septemba

Siku ya kuonyesha majengo ya zamani. Mwaka huu halmashauri ilimwachia Bi Agathe banda la kufulia, naye akatundika picha alizopiga kijijini kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Nilisema siendi. Nikaenda saa tisa, wakati watu wengi wanapumzika.

Nilikuwa nimejiandaa kuziona mbaya. Nimefanya kazi katika nyumba hizi tangu ujana, najua kila ufa kwa jina, nikasema huyu atanionyesha maua na paka waliolala. Haikuwa hivyo. Ilikuwa chuma cha kubishia hodi cha Zélie, kile chenye umbo la mkono ulioshika tufe, na kidole cha kati kimelika. Bawaba ya kina Bonnafous iliyochora nusu duara ukutani kwa kufunguliwa na kufungwa. Jiwe la juu ya mlango lenye mwaka 1781, na ile 1 ya mwisho mchongaji aliipunguza kwa sababu nafasi ilimwishia. Pale nilikwama. Mimi huona kazi: hiki kimeoza, kile kinahitaji chokaa. Yeye ameviona vilivyo, akaviacha vikae. Nilimwonea wivu macho yake, nakiri, kisha nikamwonea wivu kwa jingine.

Maana Fernand alikuwa pale, nyuma ya safu ya pili ya picha, anawaeleza wageni wawili kutoka Albi. Hakuniona. Kamba ile ilikuwa na picha za mlango wangu na madirisha yangu, zilizopigwa kabla sijapaka nyekundu.

"Kizingiti hiki," alikuwa anasema, "kimelika zaidi upande wa kushoto. Mwenyewe hutoka na ndoo mkono wa kulia, kwa hiyo uzito wake hukanyaga huku. Na hivi vichwa vya chuma vinavyoshika mbawa zisipigwe na upepo, mnaona, sura ya mwanamke mwenye kilemba? Huyu wa kushoto pua yake imekwisha. Kila asubuhi anaanza na huyu. Anamsukuma kwa kidole gumba kabla hajanywa kahawa."

"Ni nyumba yako, bwana?" mmoja akamuuliza.

"Hapana," akasema Fernand. "Mimi nakaa ng'ambo."

Nikatoka kwa upande wa maji. Miaka tisa ananiangalia nikifungua dirisha, na maneno hayo yote alikuwa nayo. Mimi alinipa "kula, bata anapoa". Maneno yenyewe akawapa watu wa Albi, mbele ya Bi Agathe, naye Bi Agathe anatikisa kichwa kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefaulu.

Alhamisi, 25 Septemba

Mavuno yameanza kwa kina Bonnafous. Kama kila mwaka nimeacha kazi zangu nikachukua mkasi. Mikono inanata, mgongo unauma. Afadhali.

Jumatatu, 29 Septemba

Wamempanga Bi Agathe safu moja nami, yeye upande wake wa mizabibu, mimi wangu. Nadhani Zélie ndiye aliyepanga. Tulitazamana kupitia majani.

"Bi Maryse, nakata vibaya?"

"Unakata karibu mno. Utajikata kidole."

"Fernand alinionya kwamba wewe huwezi kusema uongo hata wa adabu."

"Fernand anasema mengi siku hizi."

Akacheka. Kicheko kizuri, hakina hila, na hilo liliniudhi kuliko kama kingekuwa nayo. "Kwangu anasema mambo mawili tu," akasema. "Unga na wewe."

Nilijua ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mtu akikuchukulia mbuzi wako hukuletea habari za afya yake.

Jioni wenye mkokoteni wakaanza utani wao. "Bi Agathe, karamu mwaka huu utakaa meza ya wenye buluu, eh? Hongera!" Akawaambia asante, asante sana, akaniuliza kwa sauti ya chini wanampongeza kwa nini. Nikamwambia labda kwa zabibu zake.

Ijumaa, 3 Oktoba

Dirisha la Fernand limefunguliwa. Nusu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua. Ya kwanza ya maana tangu Agosti, imepiga kutoka saa nane hadi magharibi, mifereji yote imefurika. Zabibu za mwisho zilikwisha kuingia jana, Mungu ana huruma na kina Bonnafous.

Ijumaa, 10 Oktoba

Saa mbili unusu asubuhi Bi Agathe yuko mlangoni kwangu, koti limelowa.

"Bi Maryse, nakuja kwako kama fundi. Nyumba yangu inalia."

Kazi ni kazi. Nikachukua kisanduku changu nikamfuata. Ilikuwa inalia kweli. Buluu yote ilikuwa imeshuka kutoka kwenye mbawa, ikachuruzika juu ya chokaa nyeupe mpaka chini, ikatengeneza kidimbwi kwenye mawe ya njia. Konokono walikuwa wameipanda mbao iliyobaki, wanakula. Wanakula! Katika kazi yangu yote sijaona konokono wakila rangi. Nikachovya kidole, nikanusa.

"Unga wa ngano," nikasema.

"Ndiyo. Aliipika kwenye sufuria yangu kubwa. Maji, unga, rangi. Alisema mababu walifanya hivyo."

"Mababu walitia mafuta ya kitani. Bila mafuta huu ni uji wa buluu."

Sikutaka kucheka, lakini nilimfikiria mwoka mikate amesimama juu ya ngazi, miguu inatetemeka, anapaka uji kwenye dirisha huku akimtaja Bikira Maria. Nikacheka. Bi Agathe naye akacheka, akakaa kwenye ukingo wa mlango akafuta macho. Nikakumbuka kwamba simpendi.

"Sasa niambie ukweli," nikamwambia. "Kwa nini alikupakia wewe?"

"Kwani kuna ubaya? Alisema anataka kujifunza kuchanganya rangi, na kwamba anahitaji madirisha ambayo yakiharibika si kitu. Mimi nikasema haya ya kwangu yameoza, jifunzie hapa. Akanisihi nisimwambie mtu, hasa wewe." Akakamua mkono wa koti lake. "Bi Maryse, watu wana nini na hii rangi? Tangu Septemba kila mtu ananishika mkono."

Ikabidi nimweleze. Nyumba za rangi moja, meza moja, mwanamume na brashi yake. Nilieleza kama ninavyoeleza bei ya kazi, bila kupamba. Akabaki mdomo wazi.

"Mungu wangu! Kumbe nimeolewa tangu Agosti sina habari!"

"Kijiji kizima kina habari."

"Na wewe ukaniambia ni kwa ajili ya zabibu zangu!"

Aliinuka, akanishika mkono kwa vidole vyake vya buluu, akanivuta mpaka bandani nyuma ya nyumba. Ndani ya mlango wa banda, kuanzia juu mpaka chini, kulikuwa na mabaka ya buluu, kila moja upana wa kiganja. Hayakuwa na maandishi, ni rangi tu. Ya juu kabisa ilikuwa aibu, buluu ya mashua ya watoto. Zilizofuata zikajaa nyeusi mno, zikapungua, zikawa kijivu, zikawa kijani. Nilifuata kwa kidole, nikiwa nazipima kichwani: gramu hamsini za ziada hapa, pale thelathini, hapa kakaribia, pale kapotea tena. Fernand hapimi kwa mizani. Anapima kwa kiganja, kama chumvi.

Baka la mwisho chini ndilo lilikuwa lenyewe. Lilikuwa rangi yangu. Hata manjano yalikuwemo, ile ncha ya kidole ambayo sijamwambia mtu.

"Hilo la mwisho alilipata lini?"

"Jumanne hii," akasema Bi Agathe. "Nilimwambia, lakini Bi Maryse ameshapaka nyekundu, unajisumbua bure. Akaniambia, ndiyo, najua. Akaendelea kukoroga."

Nikaaga. Nikasema nitarudi kusafisha ukuta wake ukikauka, na nitaupiga chokaa upya, kazi ya siku mbili.

Msomaji mwenye moyo mwepesi angesema sasa wivu umekwisha. Haukwisha. Nimerudi nyumbani nao umebadilisha kiti tu. Tangu kiangazi mwanamume huyu alikuwa na kitu asichokijua, akakosea, akacheka, akakosea tena, na aliyeona yote hayo ni mtu wa Lille. Mimi alikuwa ananitunzia lililo sahihi, kama vile mimi ni mkaguzi wa halmashauri. Sikutaka lililo sahihi. Hata makosa yake niliyataka mimi. Ule uji na wale konokono nilivitaka kwenye dirisha langu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimekwenda kwake. Nilibisha hodi kwa kile chuma chake, jambo ambalo sijawahi kufanya.

"Tangu lini wewe unabisha hodi?" akasema alipofungua.

"Tangu nyumba zetu ziwe na rangi mbili."

Akasogea nikapita. Sikukaa.

"Nimeona mlango wa banda, Fernand."

Yeye akakaa. "Nilimwambia asikuonyeshe."

"Dirisha lake limemwagika mpaka barabarani. Ulidhani nitapita nifumbe macho?"

"Limemwagika?" Akashtuka kabisa. "Unga ulikuwa mzuri."

"Unga ulikuwa mzuri. Ulikosa mafuta."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anayeweka jambo mahali pake kwa ajili ya siku nyingine. Kisha akasema, "Nilitaka kukuletea iliyo kamili. Wewe ukiona kosa la kijiko unaliona kutoka ng'ambo ya mto. Nikasema nikikupakia buluu mbovu utashuka nayo kijijini kunicheka. Nilikusudia niwe tayari mwisho wa Septemba. Tarehe kumi na nne ukapaka nyekundu. Mimi nasoma kama watu wote wa hapa, Maryse. Nikasoma."

"Na mimi nilisoma dirisha la Lille."

"Yule hajui desturi zetu."

"Mimi najua! Ulinisahau mimi ninayejua!"

Paka wake akapita kati yetu. Nikauliza lile nililokwenda kuuliza hasa.

"Ulicheka kule?"

"Kule wapi?"

"Bandani kwake. Ulipokuwa unakosea."

Alifikiri. Fernand huwa mkweli, hilo ndilo tatizo lake. "Sana," akasema. "Siku ya sufuria kufurika nilicheka mpaka nikakaa chini."

Nilimshukuru kwa ukweli wake. Nilitaka kumpiga na sufuria hiyohiyo.

"Sasa tufanyeje?" akauliza.

"Unaniuliza mimi tena? Nusu yangu niliifanya zamani."

"Kinyunya cha mkate hakikimbizwi kuumuka, Maryse. Mwaka huu mavuno yamekwisha, watu wana maneno mengi, Bi Agathe naye ameaibika. Tungoje watulie. Mwakani, Mungu akipenda, tutaona."

Tutaona. Nikatoka. Mlango wake una ile kufuli ya zamani inayohitaji kuinuliwa kidogo ndipo ifunge, na mimi ndiye niliyeirekebisha, kwa hiyo sikuweza hata kuubamiza.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimekula peke yangu. Yai.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimesafisha ukuta wa Bi Agathe. Alitaka kunisaidia, nikampa brashi nikamwonyesha jinsi ya kushika. Ana mkono mwepesi. Saa saba akatuletea supu, tukala kwenye ngazi, akaniambia marehemu mumewe alikuwa anamwambia "tutaona" kuhusu safari ya Ureno mpaka akafa. "Sikumuuliza hata siku moja kwa uwazi," akasema. "Niliona ni utovu wa heshima."

Kisha akaniuliza dirisha lake alipake rangi gani. Nikamwambia achague yake mwenyewe, nitamchanganyia. Akataka kijivu cha njiwa. Chaguo zuri. Sipendi kuandika hivi lakini ni zuri.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimekwangua nyekundu yote. Kuanzia asubuhi, kwa chuma na msasa, mbawa zote sita za mbele, mpaka mbao. Haikuwa kazi ndogo, damu ya ng'ombe kweli inadumu. Mtaa mzima ulipita kununua mkate mara mbili zaidi ya kawaida. Zélie alitoka dukani na aproni yake akasimama na mikono kiunoni.

"Bi Maryse, na hii inasemaje? Nyekundu najua, buluu najua. Mbao tupu ni lugha gani?"

"Ni swali."

"Kwa nani?"

"Aliyeulizwa anajua."

Fernand alikuwa dirishani. Hakufunga.

Alhamisi, 16 Oktoba

Redio imesema mvua kubwa Jumapili. Mbao niliyoiacha tupu ikinyeshewa kabla haijapata hata mkono mmoja wa rangi itavimba, itapasuka kwenye maungio, na majira ya baridi yataimaliza. Ili mkono wa kwanza ushike lazima upakwe Jumamosi mchana, si baadaye. Karamu ya mavuno ni Jumamosi hiyohiyo jioni. Sikupanga mimi, ni mbao na mawingu, lakini hesabu imekaa vizuri na mimi sijawahi kuikataa hesabu iliyokaa vizuri.

Nikavuka njia saa nne. Fernand alikuwa nje anafagia majani. Mke wa Bonnafous alikuwa kwenye dirisha lake la juu, Zélie mlangoni kwake, Bi Agathe anatoka na kikapu. Nikafurahi kwamba wapo. Mambo yake mazuri yote ameyasema mbele za watu, na mimi langu nitalisema hivyohivyo.

"Fernand Calvignac," nikamwambia, "simama usifagie."

Akasimama.

"Ulijifunza kwenye dirisha la mtu mwingine, na mtu mwingine akakuona ukikosea, na hilo sitakusamehe leo. Labda wiki ijayo. Madirisha yangu yako tupu. Sina rangi iliyochanganywa, na sitachanganya. Sitaki iliyo kamili. Ukitia unga, tia na mafuta. Ukikosea, unakosea mbele yangu, na mimi nitakuwa chini nimeshika ngazi. Lakini sitaki tutaona, sitaki mwakani, sitaki Mungu akipenda, yeye nimeshamuuliza. Nataka neno moja kutoka kinywani mwako, ulitamke hapa njiani, mchana, watu wasikie. Nakupa mpaka kengele ya saa sita Jumamosi. Unanipakia madirisha yangu au hunipakii?"